Barua ya wazi kwa wabunge na mawaziri wa Maji, Nishati na Kilimo: Mtera ina namba, Ruaha Mkuu nao upewe namba yake

Waheshimiwa, shikamooni kwa mnaostahili, wengine salaam.

Barua hii ni ya wabunge wote lakini hasa wa Kamati ya Maji na Mazingira na wenzao wa Nishati na Madini, halafu mawaziri watatu, wa Maji, wa Nishati na wa Kilimo. Nimewaweka pamoja makusudi, maana maji mnayogawana ni yale yale ila kila mmoja anakuja Dodoma na bajeti yake kama vile ana mto wake peke yake nyumbani.

Mimi ni mkulima wa mpunga, niko Iringa, sio mwanasheria wala injinia. Ila sheria za maji nimezisoma zote nilizoweza kuzipata, nyingine kwenye simu mpaka macho yanauma, na nina jambo moja tu la kuwaomba, ntalisema sasa hivi ili msije mkachoka njiani: andikeni kwenye sheria, kwa namba, kiasi cha maji ambacho mto unabaki nacho kiangazi na hakuna mtu wa kukigusa, awe mkulima, awe Tanesco, awe mwekezaji. Namba ya kila mto, namba inayopimika, na mtu wa kuulizwa isipofikiwa. Anzeni na Ruaha Mkuu.

Kwa nini namba? Kila Mtanzania aliyewahi kukaa gizani anaijua Mtera, bwawa la umeme lililo kwenye mto Ruaha Mkuu. Bwawa likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, likishuka mpaka 690 mitambo inatakiwa izimwe, na hizo namba mbili zimesomwa sana kwenye taarifa ya habari miaka ya mgao mpaka wauza chipsi wanazijua kwa kichwa. Zikikaribia 690 simu zinapigwa, vikao vinaitwa, waziri anapanda gari kwenda kupiga picha pale ukingoni. Sasa niwaulize, mto unaoleta hayo maji namba yake ni ipi? Ukishuka mpaka wapi nani anafunga nini? Huku kwetu hakuna mtu wa kukujibu hilo, kuanzia kijijini mpaka wilayani, na nimeuliza.

Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993. Kabla ya hapo wazee wanasema ulikuwa unapungua tu, lakini tangu hapo imekuwa kama ratiba, viboko wanabanana kwenye madimbwi mpaka tope linakuwa la kijani na samaki wanakufa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Sumaye, alikwenda kuahidi huko London kwamba ikifika 2010 mto utatiririka mwaka mzima. 2006 wafugaji wakaondolewa bonde la Usangu na oevu la Ihefu, huko juu mto unakotoka, wao na ng'ombe wao, wengine wakaswagwa mpaka Lindi huko, 2008 eneo likaingizwa kwenye hifadhi, na 2010 ikafika ikapita mto bado mchanga. April 2017 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alikuja hapa Iringa akaunda kikosi kazi cha kuokoa mto huu huu. Kwa hiyo msiseme hamkuambiwa, mmeambiwa, na ahadi mmetoa wenyewe. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni kitu cha kumshika mtu nacho. Ukiahidi "mto utatiririka" bila kusema kiasi gani na upimwe wapi, mwaka wowote unaweza kusimama ukasema kazi inaendelea.

Niwaeleze mto wenyewe unavyofanya kazi kwa wale ambao hamjafika. Maji yanashuka toka milima ya Kipengere na nyanda za juu kwa mito kadhaa, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe, yanaingia bonde la Usangu ambako ndiko kuna mabanio, yaani kuta za kuuziba mto maji yaende mferejini, na mifereji ya mpunga, yanayobaki yanakwenda kutuama Ihefu ambalo ni oevu kubwa la matete, halafu yanatoka sehemu moja tu inaitwa Ng'iriama, pale kuna mwamba umekaa kama kizingiti cha mlango. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya kile kizingiti mto unaenda hifadhini, yakishuka chini yake mto umekatika, haijalishi nyuma yake bado kuna maji kiasi gani. Ndio maana huu mto haupungui taratibu kama mingine, unakata.

Wataalamu wetu wa Sokoine walishapiga hesabu zake. Ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde itoke kwenda hifadhini wakati wa kiangazi, nusu tu jamani, inabidi kwa wastani kama mita za ujazo 7 kwa sekunde ziwe zinaingia kwenye oevu, kwa sababu zinazobaki zote zinaliwa na jua na majani. Hesabu ipo karibu miaka 20. Hakuna aliyeichukua akaiweka kwenye sheria au hata kwenye kanuni.

Na hapa nataka tuachane na uongo mmoja ambao umetutesa sana huku. Kila umeme ukikatika miaka ile tuliambiwa wakulima na wafugaji wa Usangu ndio wamekausha Mtera. Mtera inajazwa na maji ya masika. Ile mito inavyofurika Februari, Machi, Aprili, pamoja na Kizigo na Ruaha Mdogo inayoingia kwa njia zake, ndiyo inayojaza bwawa, maji ya kiangazi ni kidogo sana kulijaza bwawa linalobeba zaidi ya bilioni 3 mita za ujazo. Watafiti walioangalia jinsi Mtera na Kidatu zilivyokuwa zinaendeshwa miaka ya tisini walikuta tatizo kubwa liko kwenye kuachia maji hovyo kuliko kwenye jembe la mkulima. Kiangazi ni kesi nyingine, pale kweli mifereji yetu inaumaliza mto na mimi silipingi hilo, lakini anayeumia ni hifadhi na vijiji vya chini, sio balbu za Dar. Mkichanganya hizo kesi mbili mnatunga sheria ya kuadhibu mtu kwa kosa la mtu mwingine halafu kosa lake mwenyewe linabaki bila dawa.

Haya tuje kwenye sheria zenyewe. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iko vizuri kabisa, inasema maji ya kunywa na matumizi ya nyumbani kwanza, ya pili mazingira, halafu ndio umwagiliaji, umeme, viwanda na wengine wote wagombanie kilichobaki. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ikaichukua ile roho ikaweka na habari ya akiba, kwamba kuna maji yanatengwa kwa ajili ya watu na mto kabla hujagawa kibali. Mazingira yana sheria ya 2004. Umeme una sheria yake ya 2008. Umwagiliaji nao ukapata yake 2013 na tume yake. Kila sheria ukiisoma peke yake utampongeza aliyeiandika. Ziweke mezani zote kwa pamoja uone vituko, huyu anatoa leseni ya kuzalisha umeme, huyu anajenga skimu mpya kwa hela ya bajeti, huyu wa Bonde la Rufiji yuko ofisini hapa Iringa anatoa kibali cha maji, na hakuna mahali wanapolazimishwa kukaa wakasoma namba moja kabla ya kusaini. Mazingira ni ya pili kwenye karatasi, uwanjani ni ya mwisho, yanapewa makombo kama yatabaki.

Kibali chenyewe sasa. Kinaandikwa lita kadhaa kwa sekunde. Inapendeza, inaonekana ya kisayansi. Twende tukaangalie banio moja mwezi wa kumi, skimu siitaji jina maana nao ni majirani zangu. Kuna ukuta wa zege umekatiza mto, pembeni kuna geti la chuma linalotakiwa kupandishwa na kushushwa kwa usukani, usukani haupo, uliibwa au uliuzwa kama skrepa, geti limekaa wazi nusu limeshika kutu hapo hapo. Ukutani kuna ile rula ya kupimia kina cha maji, namba zimefutika kuanzia chini mpaka katikati, yaani zimefutika kule kule ambako kiangazi ndiko unapopahitaji. Juu ya ukuta watu wamepanga viroba vya mchanga na magogo na kuziba kwa majani ili tone lisipite. Maji yote yanakata kona yanaingia mfereji. Ukigeukia upande wa pili unaona mchanga, na nyayo za mbuzi. Katibu wa watumia maji kibali anacho, kimewekwa laminesheni, kinasema lita zao kwa sekunde, sasa nani atazihesabu hizo lita na kwa kutumia nini? Na wao hawajavunja sheria! Kibali kinasema kiasi hicho hicho Machi mto ukiwa umefurika na Oktoba ukiwa mfupa. Jumlisha vibali vya mto mmoja vilivyotolewa hivyo miaka yote uone kama havijazidi maji ya kiangazi ya mto mzima. Ukitoa kibali cha namna hii umeugawa mto kwenye karatasi na hujabakiza kitu.

Napendekeza kibali kiwe sehemu, sio lita. Skimu ipewe fungu la maji yaliyopo siku hiyo, na kiangazi fungu la kwanza liwe la mto kwa ile namba niliyosema. Mabanio yajengwe upya yawe na uwazi chini usiozibika ambao unapitisha kiasi cha mto kwanza, kinachozidi ndio kiingie kwenye mfereji. Zege halipokei simu ya mtu. Ofisi ya bonde ikiwa na watumishi wachache na gari moja lisilo na mafuta hamuwezi kutegemea mtu azunguke kufunga mageti wilaya ya Mbarali yote, jengeni kitu kinachojisimamia.

Lakini kabla hamjakimbilia kufunga, kuna kitu mkikisahau mtaleta vita. Mifereji ile kiangazi haipitishi maji ya mpunga peke yake, kuna vijiji vinakunywa humo. Mama anachota ndoo kwenye mfereji, anafulia, anaogeshea mtoto, ng'ombe wanakunywa humo humo. Ndio sababu mabanio yanaachwa wazi hata mpunga ukishavunwa, maji yanasafiri kilomita nyingi ndani ya udongo, mengi yanapotelea njiani, kijiji kipate ndoo kumi. Ni matumizi mabaya ya mto ila ni ya haki kabisa kwa sheria yenu wenyewe, si mmesema maji ya kunywa kwanza? Kwa hiyo RUWASA, wakala wa maji vijijini, waje mbele na visima na mabomba, halafu ndio geti lifungwe. Kisima cha kijiji ni kazi ya kuokoa mto, kiwekeeni hela kwenye bajeti ya mto, msikiache kikasubiri foleni ya miradi mingine.

Halafu kuna mita 60. Kifungu cha 57 cha sheria ya mazingira kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sina ugomvi na lengo lake. Ila huku kwetu Iringa na Njombe watu wana vinyungu, bustani za mabondeni za kiangazi, mahindi mabichi, maharage, mboga, ndiyo ada ya shule ya mwezi wa kwanza hiyo. Bibi mwenye kinyungu cha hatua ishirini kwa thelathini ndiye anayefyekewa, anapelekwa kwa mtendaji, wakati mita mia mbili juu yake kuna banio linanyonya mto mzima na liko halali kwa kibali chenye muhuri. Tepu ya kupima mita 60 ipo siku zote, ya kupima lita haipatikani. Tenganisheni kwenye kanuni chanzo cha maji, pale maji yanapochuruzika kabisa ambapo pasiguswe na mtu, na bonde la kawaida ambalo watu wamelilima kwa mifereji midogo toka enzi za babu zao bila kulikausha.

Mkiniambia namba haiwezekani ntawapeleka Kihansi. Kituo kile cha umeme cha megawati 180 kilipoanza mwaka 2000 hivi maji yalihamishwa yakaingia kwenye mtaro wa chini ya ardhi, maporomoko yakabaki na vijimaji, na ule unyevu wa rasharasha alimokuwa anaishi chura mdogo ambaye hayupo kwingine duniani ukakauka. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji korongoni kama bustani ya hoteli. Ikafika 2009 chura akatangazwa ametoweka porini, waliobaki wakawa wanalelewa Marekani kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo mpaka waliporudishwa. Na katika purukushani hiyo kibali cha maji cha kituo kile kikaandikiwa kiasi ambacho lazima kiachwe kipite korongoni bila kuingia kwenye mitambo. Kumbe inawezekana! Umeme haukufa, kituo kinafanya kazi mpaka leo. Tatizo namba ilikuja baada ya msiba. Watu walicheka sana wakati ule, eti chura anashindana na umeme, mimi nadhani yule chura alipata kitu ambacho wakulima wa Pawaga na wavuvi wa delta ya Rufiji hawajakipata.

Nimefika Rufiji sasa, mto ambao Ruaha unaumwagia maji yake. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, Bwawa la Nyerere limekamilika, mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na mgao ule wa kutisha tumeusahau. Machi 2024 mashine zilikuwa bado hazijafika hata nusu na tayari Tanesco walizima vituo vingine vya umeme wa maji kwa sababu umeme umezidi. Hongereni kwa kweli. Lakini hapo ndipo hoja ya kusema mto usubiri kwanza nchi ipate umeme inapokosa miguu. Mtera ina megawati 80 na Kidatu 204, vituo vilivyokuwa nguzo ya nchi leo sio mzigo mkubwa kiasi hicho kwenye gridi, kwa hiyo mna nafasi ambayo wenzenu wa 1993 na 2006 hawakuwa nayo ya kuendesha Mtera kwa kufuata hali ya mto. Hii nafasi haitakaa milele, mahitaji yanapanda kila mwaka, SGR inakula umeme, migodi inaungwa kwenye gridi. Andikeni sasa wakati hakuna anayewapigia simu kwa hasira.

Na bwawa jipya nalo halina namba ya watu wa chini, au kama inayo hawajaiona. Maji ya Rufiji mengi, karibu asilimia 62, yanatoka Kilombero, Ruaha unaleta kama 15. Yote yanapita mlango mmoja siku hizi, nyuma ya ukuta unaobeba zaidi ya bilioni 30 za mita za ujazo. Huko chini Mloka, Utete, Ikwiriri watu wana kilimo cha mlau, mto unafurika kidogo unaacha tope, ukishuka unapanda kwenye unyevu ule. Chini zaidi kuna delta yenye mikoko mingi kuliko sehemu yoyote ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, kamba wanazaliana humo, na maji matamu yakipungua chumvi inapanda kwenye mashamba ya mpunga. Hawa watu wanahitaji mafuriko, ila mafuriko madogo na ya wakati wake. April 2024 wakapata makubwa, Rufiji na Kibiti zikazama, wakauliza kama ni bwawa, wakajibiwa kwamba bila bwawa yangekuwa makubwa zaidi. Inawezekana ni kweli. Lakini mtu ambaye nyumba yake imebebwa na hajawahi kuonyeshwa ratiba ya kuachia maji utamlazimishaje aamini? Wekeni kwenye sheria ya umeme au kwenye leseni yenyewe kwamba mwenye bwawa atatangaza kila mwezi amepokea kiasi gani, ameachia kiasi gani na mwezi ujao anatarajia nini, redioni na kwenye mbao za vijiji, kwa Kiswahili, sio pdf ya kurasa mia mbili.

Najua mtakachosema, hilo ni suala la kanuni, sio la bunge, waziri atalishughulikia. Waheshimiwa kanuni tumezisubiri. Waziri mmoja anaweza kutangaza akiba ya maji kwenye Gazeti la Serikali, mwenzake akaja akaona mwaka wa ukame akaipindisha kimya kimya. Ndio maana nataka iwe bungeni. Namba ibadilishwe hadharani, mbele ya mbunge wetu, naye arudi jimboni atueleze kwa nini alisema ndiyo.

Mkiamua kuandika muswada huo msituitie maoni Dodoma. Nauli ya kutoka Rujewa au Utete hadi Dodoma ni gunia la mpunga, na ukifika unapewa dakika tatu kuongea. Leteni kamati Rujewa, Pawaga na Utete, na msije mwezi wa nne kila kitu kikiwa kijani mkadhani tunawadanganya. Njooni mwezi wa kumi, mje na rula mpya ya kubandika pale banioni maana ile ya zamani nimeshawaambia ilivyo, na mkitoka hapo tuongozane Ng'iriama mkaone kama kuna kitu kinavuka kile kizingiti.

Wenu,
Mkulima wa mpunga, Iringa